Waya Niliomwachia Aufunge

Mama mdogo wangu alipoteza vidole viwili saa nne asubuhi, muda mfupi baada ya umeme kurudi. Nilikuwa hatua saba kutoka alipokuwa, nimeshika kikombe cha uji. Watu wakiniuliza kwa nini nilifanya yale niliyoyafanya baadaye kule Bisibo, huwa naanzia hapo, kwa sababu nikianzia pengine naonekana mtu mbaya. Huenda ni kweli mimi ni mtu mbaya. Lakini nataka yajulikane kama yalivyokwenda.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, nje ya mji wa Ngara, kikitengeneza mvinyo wa ndizi. Ndizi nyingi zilitoka Kirushya. Mama mdogo, aliyenilea Mabawe tangu mama yangu alipofariki, alikuwa mmoja wa wanawake sita waliosimama kwenye mkanda wa chupa. Mimi nilikuwa fundi umeme, mwanamke pekee kwenye karakana, na yeye ndiye aliyenisomesha ufundi kwa maharage ya shamba lake. Tulikuwa tukitoka nyumbani pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni. Njiani alizungumza na kila mtu, na mikono yake ilizungumza kuliko mdomo.

Mwaka huo mkurugenzi alileta kamera. Usifikirie kamera ya harusi. Hii ilikuwa ndogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia, imefungwa juu ya mkanda, ikitazama kila chupa iliyopita chini yake. Sensa, kijicho kinachohisi kitu kikipita, iliiambia: chupa imefika. Kamera ilipiga picha, ikakagua kifuniko na kimo cha mvinyo, na kama chupa ina kasoro ilituma ishara kwa kile tulichokiita mkono wa upepo, chuma kinachosukumwa na hewa ya kompresa, mashine ya kushindilia hewa kwenye tangi. Mkono ule ulitoka kwa kishindo, ukaisukuma chupa mbovu kwenye sanduku la pembeni, ukarudi ndani. Ulikuwa na nguvu za kupasua kizibo cha mbao. Nilijaribu mwenyewe.

Nyuma ya kamera palitoka kebo yenye nyaya nyembamba za rangi mbalimbali, na kazi ya kuzifunga ilikuwa yangu. Nilikisoma kitabu chake siku tatu, kamusi pembeni. Nilichoelewa ni hiki. Baadhi ya nyaya za kuingizia na kutolea ishara zina kinga. Ndani ya kamera ishara yake huvuka kwa mwanga, kama mtu anayemulika tochi ng'ambo ya mto, hivyo umeme wa upande mmoja haugusani na wa upande wa pili. Nyaya hizo ni salama, ila zina usumbufu mmoja: hazitoi nguvu zenyewe. Waya wa kutolea ishara wenye kinga ni kama lango tu. Lazima uupelekee umeme kutoka saplai ya pembeni, kifaa kidogo cha kulisha umeme, ndipo lango likifunguka kitu kipite. Nyaya nyingine hazina kinga. Hizo zina umeme wake mdogo kutoka kwenye kamera, kwa hiyo mvivu huzipenda. Lakini kitabu kilionya kwa herufi nene: kamera inapowaka, kabla haijajitambua, nyaya zisizo na kinga hazina bwana. Zinaweza kutoa ishara ambayo hakuna aliyeituma.

Nilifunga kama kitabu kilivyosema. Nilizima umeme wa mtambo mzima, nikapima kwa mita kuhakikisha umekufa kweli, nikaunganisha mkono wa upepo kwenye waya wenye kinga, nikauwekea saplai yake ndogo ndani ya boksi la nyaya, na rilei katikati, swichi ndogo inayofuata ishara. Kebo ya kamera niliipitisha mbali na nyaya za mota. Nikajaza daftari la karakana, nikatia sahihi.

Fundi mkuu wetu alikuja kutazama. Alikuwa mtu wa mashati ya kupigwa pasi, aliyewahi kufanya kazi migodini na hakutuacha tulisahau jambo hilo hata siku moja.

"Mbona nyaya nyingi namna hii?" aliuliza.

Nikamweleza habari ya kinga.

Akacheka, akawageukia wenzake. "Mnasikia chuo kilichomfundisha? Volti ni volti, binti. Hazina ukoo."

Wakacheka wote. Nami nilicheka kidogo, kwa woga. Kicheko hicho bado kinaniuma.

Miezi miwili baadaye nililala wiki nzima kwa malaria. Nikiwa kitandani, saplai ya mashine ya kubandika lebo iliungua. Fundi mkuu alikuwa amemwahidi mkurugenzi kwamba mzigo utatoka siku ile, kwa hiyo alifungua boksi langu, akaing'oa saplai ndogo ya waya wenye kinga, akaipeleka kwenye lebo. Mkono wa upepo ukabaki hauna umeme wa kuupa ishara. Akahamisha waya wake mmoja tu, wa kijani, kutoka kwenye tundu la nyaya zenye kinga kwenda kwenye tundu la zisizo na kinga. Mashine ikafanya kazi. Chupa mbovu zikasukumwa. Hakuandika chochote kwenye daftari.

Nilirudi kazini siku ya Jumatatu. Mashine ilikuwa inakwenda, nikaiacha iende. Sikufungua boksi. Hilo ni langu, na simpi mtu mwingine.

Jumatano umeme ulikatika, kama unavyokatika kwetu. Mkanda ukasimama. Chupa moja ilikuwa imepasuka mbele ya kamera, na mama mdogo akainama kuokota vigae wakati mashine imelala. Hakukosea. Ndivyo tulivyofundishwa wote: ukitaka kusafisha, ngoja isimame. Jambo ambalo hakuna aliyewaambia wanawake wale ni kwamba umeme ukikatika, hewa hubaki kwenye tangi la kompresa, imejaa, inangoja.

Umeme ukarudi. Mkanda haukuondoka, kwa sababu una kitufe chake. Lakini kamera iliwaka yenyewe, na katika kuwaka kule, kabla haijajitambua, waya wa kijani ukatoa ishara. Mkono wa upepo ukatoka.

Sitaeleza sauti niliyoisikia. Nitasema tu kwamba nilidhani ni chupa nyingine imepasuka, na kwamba mama mdogo hakupiga kelele. Alisema, "Eh," kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau nyumbani.

Wenzake walipokuwa wanamfunga mkono kwa kanga, nilifungua boksi. Nikaona tundu la saplai liko tupu, na waya wa kijani uko mahali ambapo sikuuweka. Nilimwita fundi mkuu mbele ya watu watatu, nikamwonyesha. Alitazama, akafunga mlango wa boksi taratibu, akasema, "Mpeleke mama yako hospitali kwanza. Haya tutayazungumza."

Nikaenda hospitali. Simu yangu ilikuwa kwenye kabati la walinzi, hatukuruhusiwa kuingia nazo, kwa hiyo sikupiga picha. Niliporudi alasiri, saplai ilikuwa imerudi mahali pake na waya wa kijani uko pale nilipoufunga mimi. Hata vumbi alilifuta. Na wale watatu walioona hawakuwa wameona kitu.

Kesho yake mkurugenzi alitukusanya uani. Fundi mkuu akafungua daftari, akanyanyua ukurasa wenye sahihi yangu juu ili kila mtu auone.

"Aliyefunga mtambo huu ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, lakini—"

"Kuna sahihi ya mtu mwingine hapa?"

"Hakuna, ila wewe uliuhamisha waya—"

"Mkurugenzi, unamsikia mwenyewe. Amemkata vidole mama yake aliyemlea, sasa anatafuta wa kumtwisha."

Nilifukuzwa palepale. Nilipokuwa natoka getini, mwanamke mmoja wa mkandani, aliyekuwa akila nyumbani kwetu Jumapili baada ya misa, alinigeuzia uso. Jioni kiwanda kilimletea mama mdogo katoni ya mvinyo, pole. Alimwaga chupa moja baada ya nyingine kwenye migomba nyuma ya nyumba, kwa mkono wa kushoto. Kisha akanirudishia katoni tupu, akasema, "Weka kuni."

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi moja. Watu wanasema hasira hupoa. Yangu haikupoa, ilikaa kama makaa yaliyofunikwa majivu, na kila asubuhi niliyafunua. Niliyafunua nikimwona mama mdogo anashindwa kufunga mzigo wa maharage. Niliyafunua nikisikia anavyonyamaza na watu njiani, kwa sababu mkono wa kuzungumzia alikuwa anauficha kwenye kanga. Kanisani nilisali sala zote, ila nilipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea nilifunga mdomo nikangoja wenzangu wamalize. Sikutaka fundi mkuu afe. Nilitaka asimame mbele ya watu, na daftari liwe na sahihi yake.

Nikapata kazi Bisibo, wilaya ya Biharamulo, kwenye kinu cha mpunga cha mzee mmoja Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Mzee hakuniomba barua yoyote ya kiwandani. Alinipa mota iliyokufa, akaketi kwenye gunia akanitazama. Ilipozunguka akasema, "Kesho saa moja." Nilikaa kwake karibu miaka miwili, na kila nilipopata nafasi nilisoma habari za kamera zile, hadi nikawa nazijua kama ninavyojua njia ya kisimani.

Kisha mzee akaamua kufunga mchele kwenye mifuko midogo ya kuuza mjini. Akaagiza Mwanza mtambo wa kufungashia, wenye mkanda, na kamera ya kukagua mshono wa mfuko, na mkono wa upepo wa kusukuma mifuko mibovu. Muuzaji alisema atamtuma fundi wake. Siku moja mzee aliweka simu sauti ya juu ili nami nisikie fundi anasema nini kuhusu vipimo vya umeme. Sauti ikasema, "Mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Volti ni volti."

Alikuwa fundi mkuu wa Ngara, kumbe sasa anafanya kazi kwa muuzaji wa Mwanza. Nilishika ukingo wa meza. Mzee aliponiuliza kama nimeelewa nikasema nimeelewa vizuri sana.

Sikumwambia mzee. Nilimpigia mama mdogo.

"Yule mtu anakuja hapa," nikasema.

"Lini?" akauliza.

"Jumanne."

"Nitakuja Jumatatu."

Mtambo ulifika kabla ya fundi, na mimi ndiye niliyefungua makasha. Kila kitu kilikuwemo, pamoja na saplai ndogo ya waya wenye kinga, imefungwa kwenye nailoni yake. Niliitoa. Niliizungushia kitenge, nikaiweka chini ya begi langu. Nilijua vizuri ninachofanya. Nilikuwa namwekea fundi mkuu mlango uleule aliopitia Ngara, nione kama ataupita tena. Angeweza kusubiri. Angeweza kusema kifaa hakijafika, kazi imesimama. Fundi yeyote mwenye akili angesema hivyo.

Jumanne alifika na mwakilishi wa muuzaji, kijana wa mjini mwenye tai. Shati la fundi lilikuwa limepigwa pasi vilevile. Nilikuwa nimefunga kitambaa usoni kwa sababu ya vumbi la pumba, na ovaroli langu lilikuwa kubwa, akanipita kama anavyopita nguzo. Mama mdogo alikuwa ameketi juu ya gunia karibu na ukuta, mkono ndani ya kanga.

"Shikamoo mama," akamsalimia, bila kumtambua.

"Marahaba," mama mdogo akajibu. Hakuutoa mkono.

Fundi akapekua makasha, akainuka. "Saplai ya ishara haipo."

"Haipo," nikasema, nikikaza sauti. "Labda waliisahau Mwanza. Basi la Alhamisi linaweza kuileta. Tungoje?"

Nilimpa nafasi hiyo, na mbele ya mashahidi. Na niliogopa atangoja.

Akamtazama kijana mwenye tai, ambaye alikuwa anatazama saa. "Hakuna haja," akasema. "Nafahamu njia nyingine."

"Basi, fundi, andika hapa waya gani unaenda wapi," nikamwambia, nikampa daftari la kinu. "Mzee hapendi mtambo usio na maandishi."

Aliandika. Aliandika kwa mwandiko mzuri, mshale kutoka waya wa mkono wa upepo hadi tundu lisilo na kinga, akatia sahihi na tarehe. Nililipokea daftari kwa furaha ambayo siwezi kuisimulia kanisani.

Alifunga kwa dakika arobaini. Wakati huo mimi nilizungusha kamba kuzunguka mkanda, nikawatoa wafanyakazi wote nje ya kamba, nikasimama karibu na koki ya hewa. Sikutaka damu ya mtu asiyehusika. Akawasha. Mifuko ikapita, mizuri ikaenda, mibovu ikasukumwa pembeni. Kijana mwenye tai akapiga makofi. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mzee," nikasema, "kwetu umeme unakatika kila siku. Naomba tuuzime tuuwashe, tuone mtambo unaamkaje."

"Hilo halina maana," fundi akasema. "Mtambo uko sawa."

"Kama uko sawa, kuzima hakutauumiza."

Mzee akatutazama wote wawili. "Zima," akasema. "Nione hiyo kamela inaamkaje."

Nikazima swichi kuu. Kinu kizima kikanyamaza. Nikatoa mfukoni glavu ya kazi niliyokuwa nimeijaza pumba za mpunga na kuishona kifundoni, nikavuka kamba, nikailaza kwenye mkanda mbele ya kamera, vidole vikielekea kwenye mkono wa upepo. Nilipanga vidole kimoja kimoja. Kisha nikarudi nyuma ya kamba, nikafungua kitambaa usoni.

Fundi aliniona. Nilimwona akiniona. Rangi yake ilibadilika kabla sijagusa swichi.

Nikawasha.

Kamera ilitoa kitaa chekundu. Tukahesabu labda moja, mbili. Mkono wa upepo ukatoka kwa kishindo kilekile, ukaibana glavu kwenye reli ya chuma, na mshono ukapasuka, pumba zikaruka hadi kwenye shati lake. Mwanamke mmoja wa kupepeta alishika mkono wake mwenyewe kwa mkono mwingine.

Ndipo mama mdogo akainuka. Akatembea polepole hadi mbele ya fundi, akautoa mkono kwenye kanga, vidole vitatu, akaunyoosha kama mtu anayetaka kusalimiwa.

"Hukunipa mkono uliponisalimia," akasema. "Nipe sasa."

Fundi akarudi nyuma hatua moja. "Mama, mimi... ilikuwa ajali."

"Nimekuja kutoka Mabawe. Nipe mkono."

Akaushika. Mama mdogo hakuuachia. Akamvuta, mwanamke mwenye umri wa bibi akamvuta mwanamume mzima, hadi kwenye mkanda.

"Weka hapo," akasema, akionyesha mahali palipokuwa na glavu.

"Mama, nakuomba."

"Mtambo si uko sawa? Umesema mwenyewe. Weka hapo, halafu binti yangu azime awashe, tuone."

Nilitegemea mzee aingilie. Hakuingilia. Kijana mwenye tai alikuwa ameganda. Na fundi, sijui kwa nini mpaka leo, labda kwa sababu ya macho ya watu wote wale, akauweka. Aliuweka mkono wake kwenye mkanda, mbele ya mkono wa upepo, na jasho likamtiririka puani.

Mama mdogo akanigeukia. "Zima."

Nikazima. Kinu kikanyamaza tena. Kila mtu alidhani hewa imefungwa, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale kwenye koki na mkono wangu juu yake. Haikuwa imefungwa. Tangi lilikuwa limejaa, na mimi pekee ndiye niliyelijua hilo. Kushoto kwangu swichi, kulia kwangu koki.

Nitasema ukweli. Nilitaka kuwasha. Niliona vidole vyake, virefu, safi, na pete. Nilivihesabu. Nilifikiria mama mdogo akisema "Eh." Kilichotokea ni kwamba mkono wangu wa kulia uliifunga koki, nikasikia hewa iliyobaki kwenye bomba ikitoka nje kwa mlio mrefu. Sikuifunga kwa huruma. Niliifunga kwa sababu miaka yote nimefunga koki kabla mtu hajaingiza mkono kwenye mashine, na mkono wangu haukunisubiri. Usiku mwingi baadaye niliukasirikia mkono ule.

Nikawasha umeme. Kamera ikatoa kitaa chake. Mkono wa upepo haukusogea, na fundi akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya wapepetaji na wapakizi, mkono wake ungali pale kwa sababu hakujua kama ameruhusiwa kuutoa.

"Toa," mama mdogo akasema. "Sasa andika."

Akaandika. Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko wake ule mzuri: saplai aliyoing'oa Ngara, waya wa kijani aliouhamisha, alasiri aliyorudisha vyote na kufuta vumbi, na sahihi yangu aliyoinyanyua uani. Mzee na kijana mwenye tai wakatia sahihi kama mashahidi. Kijana alipiga simu Mwanza papo hapo, na fundi hakurudi katika gari lao. Nilimwona mchana akingoja usafiri barabarani, shati likiwa na pumba mabegani, nikasimama dirishani makusudi hadi alipoondoka.

Jioni nilitoa saplai kwenye begi, nikamkabidhi mzee, nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo uliificha," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ukatumia mtambo wangu, na watu wangu, kwa vita yako."

"Niliwatoa nje ya kamba."

"Na kama kamba ingekatika? Kama mtoto wa mtu angepita chini yake?" Alisimama. "Ungeniambia, mwanangu. Ningekusaidia kumwaibisha. Lakini hukuniambia."

Hakunifukuza. Wiki mbili alinipita bila kunijibu salamu, na nilipomwamkia asubuhi alitazama ng'ombe. Hiyo ilikuwa haki yake. Niliufunga mtambo upya kwa saplai yake, kwa waya wenye kinga, na nikaongeza kitu ambacho kitabu hakikulazimisha: koki inayomwaga hewa yote ya tangi umeme unapokatika. Mzee alikuja kuijaribu mwenyewe mara nne. Mara ya nne akasema, "Sawa," na tukaanza kusalimiana.

Barua ile ya kurasa mbili niliipeleka Ngara kwa mkono wangu. Mkurugenzi aliisoma, akaikunja, akasema ataweka mambo sawa, na nafasi yangu ipo nikiitaka.

"Siitaki," nikasema. "Nataka uisome uani. Kwa sauti. Watu wale wale."

"Hilo litakiaibisha kiwanda."

"Mimi uliniaibisha bila kuuliza."

Aliisoma. Nilisimama katikati, mikono nyuma, nikawatazama mmoja mmoja wale watatu walioona wasione. Wawili waliinamisha vichwa. Wa tatu alinifuata getini kuniomba radhi, nikamwambia aende akamwombe mama mdogo, maana vidole havikuwa vyangu. Sijui kama alikwenda. Mama mdogo hakutaka kuja kusikiliza. Alisema maharage yamekauka shambani na yatapasuka yakingoja maneno ya watu. Nilipomsimulia jioni aliuliza jambo moja tu: kama mkurugenzi alisoma hadi mwisho. Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kupura.

Padri wetu aliniuliza kama nimetubu. Nilimwambia ninatubia saplai niliyoificha, kwa ajili ya mzee. Alingoja niendelee, sikuendelea.

Masika iliyopita simu yangu iliita, namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti yake. Alikuwa amepata kazi mahali fulani, kwenye kiwanda kidogo cha unga, na kulikuwa na kamera. Hakuomba radhi, wala mimi sikumpa nafasi ya kuomba. Aliuliza kama waya wa kupokea ishara kutoka kwenye sensa unaweza kuwekwa kwenye tundu lisilo na kinga, kwa sababu lenye kinga lina skrubu mbovu.

"Kuna watu wanaofanya kazi kwenye mkanda huo?" nikamuuliza.

"Wanne. Wanawake."

Nikamweleza. Abadilishe skrubu, asibadilishe tundu. Azime umeme, apime, amwage hewa kwanza. Asifunge waya wa ishara pamoja na wa mota. Aandike kila kitu, na atie sahihi yake mwenyewe. Nilimfanya arudie kila neno, kama mwalimu na mwanafunzi mzito, na alirudia. Alipoanza kusema asante nilikata simu, nikaifungia namba yake isiweze kunipigia tena, nikarudi kukaza mkanda wa kinu uliokuwa unalegea tangu asubuhi.